Kabla hujaagiza vyeti: namna ya kuwaenzi wanaojitolea kulinda msitu wa kijiji

Cheti kilirudishwa kwangu siku ya nne baada ya sherehe. Mama mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akifyeka njia ya moto upande wa korongo, alikifungua kutoka kwenye pindo la kanga yake, akakinyoosha mezani kwa kiganja, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mwenye cheti hiki nimemtafuta kitongoji kizima, simpati. Pengine wewe unamjua."

Nikasoma. Jina la kwanza lake, la pili la shemeji yake. Na kazi iliyoandikwa: "kushiriki katika uhifadhi wa mazingira". Hata angekuwa ndiye, asingejitambua humo.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu, mkoani Tanga, na orodha iliyokwenda kwa mchapaji niliiandika mimi, usiku, kwa kukumbuka kumbuka. Fedha za maturubai, muziki na soda zilipatikana. Muda wa kumuuliza mtu jina lake haukupatikana. Tangu hapo tumefanya sherehe nyingine tano, na yafuatayo ndiyo tunayoyafuata. Nimeyaandika kwa ajili ya makatibu na wenyeviti wa kamati kama yetu. Aliye kwenye kikundi cha mikoko au cha kusafisha ufukwe ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Hatua ya 1: Tenganisha kujitolea na msaragambo

Kwetu msaragambo ni msaragambo. Mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu, asiyetokea anatozwa. Barabara inalimwa, zahanati inachotewa maji, watu wanarudi nyumbani. Hiyo ni kazi ya wote na shukrani yake hutolewa palepale, jembe likiwa bado mkononi.

Anayejitolea ni yule anayekwenda msituni siku ambayo hakuna mbiu. Ukimchanganya na waliokuja kwa kuogopa faini utakuwa umewakosea wote wawili, na orodha yako itakuwa ndefu mpaka ikose maana.

Kaa na wajumbe wawili watatu mzunguke vitongoji kwa vitongoji mkijiuliza kazi gani hufanyika, nani anaifanya. Kazi kwanza, ndipo jina. Ukianza na majina utawapata wasemaji wa mikutano. Ukianza na kazi utawapata hawa: wanaokwenda doria usiku, wanaofyeka njia za moto na kupaka rangi alama za mpaka, wanaomwagilia kitalu, dereva wa bodaboda anayebeba miche hadi mlimani na kukataa nauli, mpiga mbiu anayeamsha watu moshi ukionekana, anayepika uji wa watu wa doria. Usimsahau mzee ambaye hawezi tena kupanda mlima lakini ndiye pekee anayejua kwamba jiwe la mpaka na kijiji jirani liko nyuma ya ule mkongo ulioanguka. Bila yeye ungekuwa mahakamani.

Na jambo moja ambalo halikupendwa sana kikaoni: sisi wajumbe wa kamati tulijiondoa kwenye orodha. Tumechaguliwa na wanakijiji, na atakayetushukuru ni mkutano mkuu ukitaka. Anayegawa vyeti akijipa cha kwanza, vilivyobaki vimeshuka thamani.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Hatua hii ndiyo sherehe yenyewe. Zilizobaki ni mapambo.

Nunua kaunta buku moja, ifungie kalamu kwa kamba, iweke kwa mtu anayekaa njiani pa kwenda msituni. Kwetu iko kwa mwenye kioski cha mwisho, kwa sababu ofisi ya mtendaji hufungwa saa tisa na watu wa doria hutoka jioni. Kila ukurasa una tarehe, jina kamili, kitongoji, kazi, mahali, saa ya kwenda na ya kurudi, na saini au dole gumba. Mstari mmoja wa kweli unaonekana hivi:

"14/7. Kufyeka njia ya moto kutoka jiwe namba 9 hadi mbuyu wa korongoni. Tumetoka saa 12 asubuhi, tumerudi saa 5. Watu 4. Panga moja limevunjika mpini."

Hilo la panga usilifute. Mwisho wa mwaka ndilo litakalokuambia zawadi ya kununua.

Jina liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka, na umsomee. Mwanahamisi si Mwanahamis, na kuna wazee wanaotumia jina la babu, si la baba, kwa sababu zao. Wengine wanajulikana kwa jina la utani kiasi kwamba ukiwaita kwa jina la kitambulisho hakuna atakayesimama, hata wenyewe. Andika yote mawili, uliza lipi lisomwe mbele za watu.

Marekani wanakwenda mbali zaidi. Anayejitolea kwenye ardhi za umma za shirikisho akifikisha saa 250 hupewa pasi ya kuingia bure kwenye hifadhi za taifa kwa mwaka mmoja. Tena wana siku maalumu ya ardhi za umma, Jumamosi ya nne ya Septemba, iliyoanza 1994, watu wakatoka kusafisha njia na kupanda miti. Pasi kama hiyo kwetu ingekuwa kichekesho, msitu uko nyuma ya jiko. Hesabu ya saa, hata hivyo, tuliichukua. Mwaka wa kwanza wa kujumlisha, aliyekuwa na saa nyingi kuliko wote hakuwa kamanda wa doria, ambaye sote tulimtaja bila kufikiri. Alikuwa kijana mmoja mkimya wa kitalu aliyekuja kila jioni ya kiangazi na madumu mawili. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa amemtaja.

Hatua ya 3: Lipa unachodaiwa

Usimpe mtu cheti huku unadaiwa naye posho ya doria nane. Cheti hicho ataweka wapi? Kabla ya kuzungumzia sherehe, mweka hazina asome madeni yote ya walinzi, na yalipwe au yapangiwe tarehe mbele yao. Aliyeumia kazini aulizwe matibabu yalikuwa kiasi gani. Kwetu tulikuwa na kijana aliyeungua mkono akizima moto, akajitibu kwa fedha za kuuza kuku, na sisi tukawa tunapanga rangi ya maturubai.

Moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 unakumbukwa kwa jambo hili hili. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wanakijiji wa chini ya mlima, wengi wakiupiga kwa matawi ya miti. Mtu anayepanda kuzima moto na tawi mkononi anahitaji maji, chakula, buti na dawa ya kuungua kabla ya kuhitaji makofi.

Fedha zitoke wapi? Kama msitu wenu ni hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002, mapato yake, pamoja na faini mnazotoza kwa sheria ndogo, ni ya kijiji. Tumieni mkutano mkuu kupitisha sehemu maalumu ya mapato hayo kwa ajili ya walinzi: vifaa, matibabu, na siku yao. Ikipitishwa na mkutano hakuna mwenyekiti atakayeihamishia kwenye kuezeka ofisi.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, wana somo hapa. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda mikoko hekta 117, unauza hewa ukaa tangu miaka ya 2010, na fedha huenda kwenye maji na shule za vijiji vyao wenyewe. Mama aliyepiga magoti kwenye tope kupanda mkandaa anafungua bomba na kuona tope lake limekuwa nini. Sijui sherehe inayozidi hiyo.

Hatua ya 4: Waulize, na umfiche anayetaka kufichwa

Mtume mjumbe anayeaminika, si karatasi ya maswali, aulize kila aliyemo kwenye orodha mambo matatu. Ungependa kushukuriwa mbele ya watu au faraghani? Jina gani lisomwe? Upigwe picha au usipigwe?

Wapo wenye haya, hao wanaeleweka haraka. Lakini wapo ambao ukiwataja umewauza. Aliyekuja usiku kukuambia kwamba kuna tanuri la mkaa limefunikwa upande wa mashariki, au kwamba chenso inalia bondeni na lori litapita saa nane, huyo hana cheti, hana picha, hana hata mstari kwenye daftari. Mwenye tanuri ni jirani yake, pengine ni mkwe wake. Kulinda ardhi ya umma kuna gharama. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Karura, Nairobi, kwa sababu tu walikwenda kupanda miti kwenye msitu uliokuwa umegawiwa watu wa kujenga majumba. Yule alikuwa na jina kubwa na waandishi wa habari nyuma yake. Mtoa taarifa wako yuko peke yake na panya wa darini.

Huyo mshukuru hivi: mwenyekiti peke yake, au katibu peke yake, si wote wawili, apite nyumbani kwake siku ya kawaida kwa sababu ya kawaida, amwambie matokeo ya taarifa yake. "Lile jambo lilifika. Tuliwakuta." Ukipeleka zawadi, iwe kitu ambacho hakitaulizwa kimetoka wapi. Sukari kilo mbili haimshangazi mtu.

Hatua ya 5: Chagua siku kwa kalenda ya shamba

Siku rasmi ni nyingi. 21 Machi ni Siku ya Kimataifa ya Misitu. 1 Aprili hapa Tanzania ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. 5 Juni ni ya mazingira, 26 Julai ya mikoko, 31 Julai ya askari wa wanyamapori, na 5 Desemba, tangu Umoja wa Mataifa uipitishe mwaka 1985, ni siku ya wanaojitolea duniani kote.

Ukishikilia tarehe hizo utakuta jambo moja: Machi na Aprili watu wako shambani na masika, Desemba wanapalilia ya vuli. Mtu anayeacha palizi kuja kupigiwa makofi amepoteza siku mbili, moja ya kazi na moja ya kukuchekea. Sisi tunafanya Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mahindi ya masika yameshaingia ndani, njia za moto zimeshafyekwa, na msimu wa moto haujaanza. Angalia pia mwezi wa Ramadhani, siku ya gulio, na kama kuna msiba mkubwa kijijini ahirisha bila kubishana.

Njia rahisi kuliko zote ni kuunganisha na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu huitishwa kila miezi mitatu. Watu wapo, gharama hakuna, na mtu anaenziwa mbele ya wale wale ambao siku nyingine humwita kibaraka wa misitu kwa kuwanyima fito. Hilo halipatikani kwenye ukumbi wa wilayani, hata viti viwe na vitambaa.

Hatua ya 6: Mahali

Karibu na msitu, chini ya mti, penye njia ya wazee. Kama ndani ya msitu wenu kuna mahali pa matambiko, waulizeni wazee kabla ya kupeleka spika huko. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, zilizoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, zilitunzwa kwa miiko ya wazee muda mrefu kabla ya kamati zetu, na bado kuna namna ya kuvaa na namna ya kuingia. Msitu wenu nao unaweza kuwa na ya kwake hata kama haujaandikwa popote.

Hatua ya 7: Zawadi

Soma daftari. Mipini iliyovunjika, tochi zilizokufa, aliyekwenda doria na kandambili. Zawadi ya mtu wa msituni ni buti za mvua zenye namba ya mguu wake (mwulize, usikisie, mguu mdogo ndani ya buti kubwa ni malengelenge), koti la mvua, panga la chuma kizuri, filimbi, tochi ya kuchaji. Kwa watu wa kitalu, keni ya kumwagilia na toroli la pamoja.

Kuna watakaosema hivyo ni vifaa vya kazi, si zawadi. Wana hoja. Buti ni deni la kamati, kwa hiyo sisi sasa vifaa tunavigawa Juni, kabla ya kufyeka njia za moto, bila sherehe. Siku ya sherehe tunatoa kitu cha nyumbani: kanga doti moja kwa wanawake, kikoi au msuli kwa wanaume, mfuko wa sukari, sufuria. Mwaka mmoja tulitoa mitungi midogo ya gesi kwa familia tatu zilizokuwa na saa nyingi, na wake wa walinzi ndio waliotushukuru kwa sauti kubwa kuliko wenye vyeti.

Fulana zenye nembo ya mfadhili mgongoni na jina la kijiji kwa herufi ndogo kama sisimizi, mimi sizihesabu. Hizo ni tangazo, na anayelivaa halipwi.

Kuhusu kanga, neno la tahadhari. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalosomwa. Mwaka wa pili tulimtuma mjumbe mmoja mjini, mwanamume, akachagua kwa rangi. Rangi ilikuwa nzuri, kijani na njano, ya msitu kabisa. Tulipozifungua mbele ya watu, jina likasomeka: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hadi leo watu wa doria ya usiku wanaitwa kwa jina hilo, na wanalipenda, lakini tulikuwa na bahati. Lingeweza kuwa jina la kumpasha mke mwenza. Sasa wanaokwenda dukani ni wanawake wawili kutoka kwenye orodha yenyewe, wanachagua jina na duka lolote wanalojua, na kamati inalipa. Kuagiza kanga ya kwenu wenyewe kiwandani inawezekana, ila idadi wanayotaka ni kubwa kuliko kijiji.

Hatua ya 8: Maneno ya cheti

Cheti kiwe na sentensi ambayo haiwezi kuandikwa kwenye cheti cha mtu mwingine. Fomu yetu ni hii:

"Kijiji cha ______ kinamshukuru ______ kwa kufyeka na kusafisha njia ya moto upande wa korongo, kutoka jiwe namba 9 hadi namba 14, kila mwaka kuanzia ______ hadi ______. Katika miaka hiyo moto haukuvuka upande huo."

Sentensi ya mwisho iandikwe ikiwa ni kweli tu. Moto ukivuka licha ya kazi yake, andika kazi yake na uishie hapo, hana kosa.

Saini mbili zinatosha, mwenyekiti na mtendaji, na muhuri wa kijiji. Orodha ya majina ikishaandikwa, mpe kila mtu asome jina lake au asomewe, aweke alama ya vema pembeni. Ndipo iende kwa mchapaji. Kabla ya kulipa, linganisha vyeti na orodha kimoja kimoja, hapo hapo dukani, siyo kijijini.

Kiwekee plastiki. Nyumba zetu zina moshi na mchwa, na cheti kisicho na plastiki kina maisha mafupi kuliko mche wa kiangazi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Anzeni saa 2 asubuhi kwa kutembea. Wote, na mgeni rasmi akiwepo, mwende hadi kwenye kipande kimoja cha mpaka, na mhusika wa kipande hicho ndiye aongoze na kueleza. Mama yule wa korongoni hajawahi kushika kipaza sauti, lakini akiwa amesimama juu ya njia yake ya moto na fimbo mkononi alizungumza robo saa: hapa nyasi ni za kusi, zinashika upesi, hapa nimeacha ule mti kwa sababu kivuli chake kinazuia magugu, pale upepo hubadilika saa saba. Bwana misitu aliandika.

Mkirudi, hotuba ziwe fupi. "Itifaki imezingatiwa" isemwe mara moja na izingatiwe kweli. Mgeni rasmi dakika kumi. Akichelewa, anzeni, ataelewa, au hataelewa, lakini walioamka alfajiri ni wengine. Mwaka wa kwanza tulimsubiri hadi saa nane mchana, na waliokaa juani ni wale wale tuliosema tunawaenzi.

Jina la kila mtu lisomwe na mwana kitongoji mwenzake, pamoja na kazi yake. Makofi ya watu wanaokujua yana sauti nyingine. Cheti kikabidhiwe kwa mikono miwili. Kwa mzee, anayekabidhi ndiye amfuate alipokaa, amwamkie, ndipo ampe. Mwaka wa kwanza tulimpandisha babu wa miaka themanini na kitu kwenye jukwaa la mbao lisilo na ngazi ili picha itoke vizuri. Shikamoo yake ilipokelewa hewani.

Waliotangulia mbele ya haki watajwe mwanzoni, dua na sala zisomwe, na cheti chao kipelekwe kwa wajane na watoto nyumbani kabla ya siku hiyo, si jukwaani. Kulia mbele ya spika si heshima.

Chakula: anayeenziwa hapiki, hachoti maji, hasogezi viti. Linasikika dogo, lakini mwaka wa kwanza watu wa doria ndio waliochimba mashimo ya maturubai na kubeba kuni, wageni wakala pilau, wao wakaambulia ukoko. Sasa wajumbe wa kamati tunavaa aproni. Mwenyekiti wetu anakata kachumbari vibaya sana, na ni sehemu ya burudani. Sahani za kwanza ni za waliomo kwenye daftari pamoja na wake au waume zao, kwa sababu mtu akiwa msituni usiku kuna aliyebaki na watoto.

Picha: waliokataa wakae upande wanaoujua wao na mpiga picha aonyeshwe. Na asiweke lolote kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hujaona.

Hatua ya 10: Wiki inayofuata

Watu wa doria wana swali moja ambalo huliuliza chini chini: yale magunia tuliyokamata yaliishia wapi? Usipolijibu, vyeti vyote vimekwenda bure. Wakati mwingine jibu ni zuri, yalipigwa mnada na fedha ziko kwenye akaunti. Wakati mwingine kesi imekufa, na hilo nalo waambiwe. Sisi tunasoma ukurasa wa mapato na matumizi ya msitu kwenye mkutano mkuu, kisha nakala inabandikwa kwenye kioski lilipo daftari. Siku ya kwanza kuibandika, mlinzi mmoja alisimama mbele yake muda mrefu, akatafuta kwa kidole tarehe ya doria aliyoumia goti, akaikuta, akasoma kiasi kilichoingia. Akaniuliza tu kama anaweza kupiga picha kwa simu.

Vijana waandikie barua. Aliyefanya kazi ya kitalu miaka mitatu anapoomba chuo, kwa mfano cha misitu Olmotonyi, au ajira Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, barua ya kijiji yenye idadi ya saa, aina za miche aliyokuza na muhuri ina uzito kuliko "ni kijana mwenye tabia njema". Saa unazo, ziko kwenye daftari. Yule wa madumu mawili tulimwandikia ukurasa mzima.

Vipande vya mpaka navyo vinaweza kupewa majina. Kwetu njia ya moto ya jiwe namba 9 hadi 14 inaitwa kwa jina la mama yule, kwenye ramani iliyochorwa kwa mkono ukutani mwa ofisi na kwenye daftari la doria. Mtu akisema moto umeonekana kwa bibi fulani, kijiji kizima kinajua pa kukimbilia. Hatukutumia shilingi.

Kisha fungua ukurasa mpya wa daftari, andika mwaka juu, urudishe kalamu kwenye kamba yake.

Mama yule alipita kioskini Jumatatu baada ya sherehe ya mwaka jana, panga begani. Alinitaka nimsomee mistari yake yote ya mwaka, akasikiliza amefumba macho, akanisahihisha mahali pamoja: haikuwa watu wanne, ilikuwa watu watatu, wa nne alifika tukiwa tunarudi. Nikafuta. Akaniomba nimwandike na mjukuu wake, ameanza kumfuata korongoni siku za Jumamosi. Nikamwambia sawa bibi, ila aje mwenyewe aseme jina lake lote.